Sifuri ya Nani

Saa tisa za usiku kioo kinapasuka.
Hakipigi kelele. Kinasema *ti*,
kama jino lililogusa kijiko,
na asubuhi, theluji ya Februari ikiwa bado kwenye viatu vyake,
Radovan anafungua tanuru la kupozea
anakuta bilauri kumi na moja zina ufa mguuni.
Hasemi. Ananitazama mimi.
Mimi na kisanduku changu.

Kisanduku kina midomo kumi na sita ya skrubu,
sifuri hadi kumi na tano,
na kila mmoja ulikuwa ukiuliza swali
ambalo kwa miezi miwili sikulisikia:
juu kuliko nini?

Nilikuwa nimefunga kila waya peke yake,
wote wakikopa sifuri moja ya pamoja
kama wapangaji wa ghorofa wenye mita moja ya umeme.
Rahisi. Vipimo kumi na sita, midomo kumi na sita.
Lakini Bohdana akiwasha jiwe la kusaga kingo
mistari yote kwenye skrini inaruka kwa pamoja,
digrii arobaini ambazo hazipo,
na tanuru, tiifu kuliko kuruta,
linaamini, linapunguza moto.

Ardhi ya ukumbini si ardhi ya ofisini.
Nimeipima: ncha moja huku, ncha nyingine kule,
na kati ya sifuri mbili pana milivolti mia tatu
zinazokimbia ndani ya ala ya kebo
kama panya darini.

Basi nikaoanisha.
Sifuri na nane, moja na tisa, mbili na kumi,
huyu chanya, yule hasi;
kifaa kisiwaulize habari za ardhi,
kiwaulize tu wamepishana kiasi gani.
Kinachowapata wote wawili, mngurumo wa jiwe,
winchi, taa za korido, kinafutika.
Ugomvi wa jirani hauingii katika hesabu ya nyumba.
Bei yake: kumi na sita zimekuwa nane.
Nusu ya tanuru imebaki bila macho.

Na bado.
Dakika ya ishirini mstari ukaanza kupanda,
taratibu, kama mtu anayesinzia kuelekea juu,
ukagota dari, ukakaa huko.
Nilitukana kwa Kicheki, lugha nzuri kwa kazi hiyo.
Kisha nikafungua daftari la Oldřich,
aliyestaafu akaniachia bisibisi tatu na deni la kantini.
Kurasa zinanuka bia na risasi ya kulehemu.
Pembeni, kwa penseli:
*Kinachoelea kifunge. Usikikaze.*

Themokapoli ni nyaya mbili za metali tofauti
zilizoshikana ncha motoni, basi.
Haina kwao. Haijagusa udongo popote.
Nikaipa rezista, kilo-omu kumi,
kutoka hasi hadi ardhini:
kamba ndefu ya mbuzi,
ale majani, asipotee, asijinyonge.

Mia tano na kumi na mbili.
Bohdana akawasha jiwe.
Mia tano na kumi na mbili.
Akazima, akawasha tena makusudi, akinicheka.
Mia tano na kumi na moja:
mtu alikuwa amefungua mlango.

Kona ya nyuma, kushoto, sasa haina waya.
Ilikuwa ya kumi na tatu;
niliitoa ili ya tano ipate mwenzake.
Radovan akaenda palepale, kana kwamba ameambiwa,
akaleta shavu karibu na tofali,
akafumba jicho, akangoja.

"Huku kumepoa," akasema.
"Kuliko wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri.
Kisha, polepole, akauelekezea ukuta wa kulia
shavu la pili.